Nani Alishona Kifungo cha Fundi Mizani?

Wiki nzima sijapata amani. Nimesimamishwa kwenye foleni ya benki, nimesimamishwa kwa kinyozi nikiwa na povu kidevuni, na swali ni lile lile: Sindano alimtupia mumewe lile shati usoni, au hakumtupia?

Hakumtupia. Tulieni, niwasimulie.

Kwa aliyechelewa kuingia, achukue haya mawili matatu asije akatupotezea muda. Sindano ni mshonaji wa nguo za kike, ana cherehani mbili na wateja wa kugombania. Mumewe anatengeneza mizani, na huko wanakoishi wakubwa kwa wadogo humwita Fundi Mizani. Kila mwisho wa mwezi huenda jiji kubwa siku nne kukagua mizani za masoko na hospitali. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kumchukua mkewe hata mara moja. Mwaka huu, bila kuombwa, akasema twende tukaone taa za Krismasi, siku mbili tu, watoto watabaki na dada yangu. Dada mtu akakubali, basi likapandwa, chumba cha gesti kikapatikana. Na jioni ile ile ya kufika, mume akiwa bafuni anaoga, Sindano akalitoa shati lake la bluu kwenye begi alikung'ute, akakuta kifungo cha tatu kimeshonwa na mkono ambao si wake.

Najua wanaume mnacheka. Kifungo tu? Ndugu yangu, mshonaji anaujua mshono wake kama wewe unavyoujua mwandiko wako. Sindano akishona kifungo, uzi anauzungusha shingoni mwa kifungo mara tatu, fundo analificha nyuma. Hiki kilikuwa na fundo juu kabisa, nene, limekaa pale kama kunguni aliyeshiba. Uzi mweusi kwenye shati la bluu. Na mizunguko ya shingoni ilikwenda kinyume, upande ambao mtu wa mkono wa kulia haendi hata ukimlazimisha.

Kwa hiyo ni mwanamke. Mwanamke wa mashoto. Tena hajui kushona.

"Kama kushona hajui," Sindano akajisemea, "basi kuna kingine anachokijua."

Alikuwa bado hajamaliza kulikagua shati, mlango wa bafu ukafunguka.

Hapa ndipo mlipotaka nyote alipuke. Lakini Sindano si mtoto. Miaka yote ya kupima wanawake wanaovuta tumbo ndani ili tepu isome vizuri imemfundisha kitu kimoja: mtu usimuulize, mpime. Ukimuuliza atakana, na akishakana mara moja, ya pili humtoka kama maji. Akamnyooshea shati kwa adabu zote.

"Baba watoto, shati lako."

Mume akashukuru, akageuka ukutani, akavaa amempa mkewe mgongo. Alikaa pale muda mrefu, anafunga kifungo kimoja kimoja kama mwanafunzi anayehesabu. Zamani alikuwa anavaa huku anaimba na kutafuta soksi kwa miguu. Leo hata uso hataki kuuonyesha. Sindano akahesabu hilo nalo, akaliweka pamoja na mengine.

Maana mengine yalikuwepo, tena ya miezi minne. Mume alikuwa akirudi nyumbani jioni anasema ameshakula. Sahani inafunikwa, inapoa, inakwenda kwa watoto. Mashati yote mazuri yalilala kabatini. Nyumbani siku hizi ni fulana tu, mashati anayavaa akienda safari. Na mkono mmoja mfukoni, wakati wote, mtu mzima anatembea kama kijana anayesubiriwa na mtu kwenye kona. Dalili ya mvua ni mawingu, na Sindano alikuwa ameishi na mawingu tangu mwezi wa nane akijipa moyo kwamba ni vumbi.

Basi akajiwekea sharti. Basi la kurudi nyumbani linaondoka kesho saa nne asubuhi. Kabla ya saa nne lazima amjue mwenye kifungo. Akiwa ni mwanamke kweli, yeye hapandi hilo basi. Atapanda la kwenda kwa mama yake, watoto atawafuata baadaye, na Fundi Mizani atapima upweke wake mwenyewe. Ndoa ya miaka kumi na moja ilikuwa inaning'inia kwenye uzi mweusi usiofika hata shubiri.

Wakatoka. Mikono ya shati mume alikuwa ameikunja ovyo ovyo hadi kwenye viwiko, ingawa upepo wa jioni ulikuwa na ubaridi. Kwenye korido walimkuta mwenye gesti, mjane mnene kiasi, miwani puani, sauti laini. Alimkaribisha Sindano vizuri sana. Alisema kumbe mama ndiye huyu, tumekusikia siku nyingi. Kisha akarudisha macho haraka kwenye kitabu chake cha wageni.

Macho ya Sindano yalikwenda moja kwa moja mkononi. Kalamu, mkono wa kulia. Funguo, mkono wa kulia. Alipokuna sikio, mkono wa kulia. Akamfuta kwenye orodha yake, tena kwa huruma. Pembeni ya meza palikuwa na cherehani ya zamani, ya mguu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na Sindano akaipenda jinsi ilivyotunzwa.

Barabarani mume alizunguka akaja upande wake wa kulia, akamshika mkono. Zamani alikuwa akitembea kushoto kwake. Sindano akaangalia upande huo wa kulia, akaona ndio upande wa maduka, na kwenye maduka wamesimama wauzaji wamejipamba wamejipulizia. Aha, akasema moyoni.

Saa moja kamili taa zikawashwa.

Mimi si mtu wa kupamba maneno, lakini zile taa zilikuwa taa. Nguzo kwa nguzo, nyekundu, kijani, dhahabu, barabara nzima mpaka macho yanapoishia. Katikati ya uwanja ulisimamishwa mti wa taa wenye urefu wa ghorofa tano, na kwenye dirisha la duka kubwa palikuwa na Baba Krismasi wa bandia anatikisa kichwa kwa kila anayepita. Umati mzima ukashangilia. Watoto wakabebwa mabegani.

Sindano hakuona kitu. Alikuwa anaangalia mikono.

Hakujua dunia ina mashoto wengi namna hii. Muuza maputo, mashoto. Mama anayemfuta mwanawe kamasi, mashoto. Askari wa kike anayeongoza magari, mkono uliosimamisha lori zima ulikuwa wa kushoto, na Sindano akamkazia macho mpaka yule askari akajiangalia kama sare yake imechanika. Binti wa kuuza soda alipofungua chupa kwa mkono wa kushoto, Sindano alimuuliza kama anajua kushona. Binti akasema hapana. Hilo ndilo jibu baya kuliko yote, maana huyo anayemtafuta naye hajui.

Mume alimuuliza kama ameuona ule mti. Akasema ameuona. Akamuuliza kama ameipenda nyota ya juu. Akasema ni nzuri, wakati nyota yenyewe iko mashariki na yeye anaangalia magharibi, kwa dada mmoja anayejipaka rangi ya mdomo.

Walikaa kwenye mkahawa mdogo mbele ya uwanja. Sindano akaagiza kuku na chipsi. Mume akasema yeye ameshiba, soda inamtosha, akainywa kwa mrija, kainamia meza, mkono mmoja uko chini. Ameshiba. Walikuwa pamoja tangu alfajiri kwenye basi, na Sindano hakumwona akitia kitu mdomoni zaidi ya ndizi moja. Sasa ameshibia wapi? Wivu hauulizi mtu ameshiba nini, unauliza amelishwa na nani. Akaisukuma sahani ya kuku pembeni.

Walipotoka pale ndipo sauti ikapigwa kutoka chini ya mti wa taa.

"Fundi! Leo umekuja na mwenye mali!"

Alikuwa dada mrefu, nywele fupi, kamera shingoni, mmoja wa wale wapiga picha wa kuzunguka uwanjani. Alikuwa anacheka, meno yote nje. Na alikuwa anapunga mkono wa kushoto.

Sindano akaukazia macho ule mkono. Ndiye huyu. Mrefu, kama alivyoogopa. Kijana, kama alivyoogopa. Mwenye furaha, na hilo hakuwa amelifikiria, nalo ndilo lililomuumiza zaidi, maana yeye mwenyewe hakukumbuka lini alicheka namna ile mbele ya mumewe.

Wangapi wenu mngemrukia? Mkono juu. Sindano alitabasamu. Huku anatabasamu, vidole vyake vilikuwa kwenye blauzi yake mwenyewe, vinakizungusha kifungo cha juu, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kikang'oka.

Akasikitika kwa sauti kwamba kifungo chake kimekatika. Akafungua mkoba, akatoa uzi na sindano, maana jina lile hakupewa bure, hatoki nyumbani bila hivyo vitu. Kisha akamwomba yule dada amsaidie kukishona pale pale.

Mume akashangaa. Akasema mke wangu, wewe si ndiye mshonaji?

"Mganga hajigangi," akajibiwa.

Dada wa watu akakubali bila maringo. Akaisogeza kamera mgongoni, akatunga uzi chini ya zile taa, akashona huku anaongea. Alisema anamfahamu Fundi tangu mwezi uliopita, alipokuja kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Alisema hajawahi kupata mteja mgumu kama yule, hatulii, picha tatu ziliharibika. Sindano alisikia maneno hayo lakini hayakumwingia. Roho yake yote ilikuwa kwenye sindano inayoingia na kutoka.

Dada akakata uzi kwa meno. Sindano akainamisha kidevu, akatazama.

Mizunguko ilikwenda kinyume, sawa. Lakini ilikuwa minne, imekazwa, imelala mmoja juu ya mwenzake, na fundo halionekani. Yule dada akaeleza kwamba marehemu mama yake alikuwa mkali sana kwa mambo ya sindano, mtoto aliyeacha fundo juu halali mpaka afumue.

Siye.

Na sikieni ajabu ya wivu: Sindano alisikitika. Alitaka awe yeye. Amepata hofu miezi minne bila sura, na sasa alikuwa ameipata sura ya kuichukia, akanyang'anywa. Akasema asante, akabaki amesimama tu, hajui aangalie mikono ya nani tena.

"Njooni niwapige moja, ya bure, zawadi ya Krismasi," mpiga picha akasema. Akawapanga. Mama huku, Fundi kule, kwa sababu ya mwanga. Kwa mpangilio huo mume akajikuta upande wa kushoto wa mkewe. Mpiga picha akamwambia aweke mkono begani kwa mama.

Fundi akavusha mkono wa kushoto mbele ya kifua chake kumfikia mkewe, akakaa vibaya kama mtu aliyejifunga mwenyewe.

"Si huo, Fundi. Wa kulia, huo ulio karibu naye. Utoe mfukoni."

Akasema wapigwe hivyo hivyo.

"Unaficha nini huko?" yule dada akatania.

Utani wa jirani huwa moto wa nyumba nyingine. Unaficha nini? Sindano alisikia swali hilo kwa miguu na kwa nywele. Ni pete. Ni simu ya pili. Ni barua, kuna wanawake bado wanaandika barua. Akasahau kupima, akasahau adabu, akasahau umati. Akamshika mumewe kifundo cha mkono, akauvuta mkono nje ya mfuko mbele ya watu.

Haukuwa na kitu. Ulikuwa mtupu.

Na ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemeko wa baridi wala wa hofu. Ulikuwa unapiga wenyewe, hausikii mtu, kama cherehani iliyoachwa ikimbie bila kitambaa. Mume alijaribu kuurudisha mfukoni, ukakosa mdomo wa mfuko, ukajaribu tena, ukakosa tena. Mpiga picha aliishusha kamera yake.

Sindano akauliza tangu lini. Tangu mwezi wa nane, akajibiwa.

"Na kifungo?"

"Kifungo gani?"

"Cha tatu, baba watoto. Cha kifuani."

Mume akajitazama kifuani, akaelewa, na nadhani ndipo alipojua mkewe ameshinda na nini jioni nzima. Akasema kilikatika alipokuwa huku mwezi uliopita. Akaomba uzi, akakaa kitandani gesti ile ile, akakishona mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Saa nzima. Alijichoma mara sita.

"Ungeniletea mimi," Sindano akasema.

"Ungekishona dakika moja. Nilitaka kujua kama mkono huu mwingine utajifunza." Akakigusa kile kifungo kwa kidole cha kushoto. "Januari mafundi wote tunapimwa upya. Vile vijiwe vidogo vya mizani, unavishika kwa koleo, mkaguzi amesimama anakuangalia. Ukitetemeka, unarudisha kitambulisho. Nilitaka uzione taa nikiwa bado nina kazi."

Haya, wenye vicheko vyenu, mko wapi? Ameshakula, kumbe hawezi kufikisha tonge mdomoni bila kulimwaga mbele ya wanawe. Fulana kila siku, kumbe fulana haina vifungo. Mgongo kule ukutani, mrija kwenye soda, kuzunguka upande wa kulia barabarani ili amshike mkewe kwa mkono mzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sindano alikuwa amekitafuta nguoni kweli kweli, na wakati wote kilikuwa mfukoni. Yule mashoto aliyemsaka mji mzima alikuwa amemshika mkono tangu walipotoka gesti.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akauchukua ule mkono wa kulia, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, akaukumbatia kifuani ukipiga pale pale kwenye kifungo kipya. Hakusema nimekuonea, lakini machozi yalisema. Mpiga picha akainua kamera, akapiga, akaondoka.

Baadaye walikaa kwenye benchi na kipande cha keki. Sindano akamlisha, vipande vidogo vidogo, na hakujali nani anaangalia. Alimgombeza pia, msidhani hakumgombeza. Alimwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho kutwa watakwenda hospitali wote wawili, na kama ni kujifunza mkono wa kushoto, atajifunza kwa mwalimu, si kwa kujitoboa. Mume akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa nane.

Ndipo Sindano akainua uso, akauona ule mti wa taa. Akasema kumbe una nyota juu. Mume akasema nimekuonyesha mara tatu.

Ningeweza kuishia hapa. Mhariri wangu angefurahi, na mama mmoja wa mtaani kwangu anayenilaumu kwamba nawatesa watu angeniletea chai. Lakini asubuhi ilifika, na mimi siwezi kuificha asubuhi.

Saa mbili. Begi limefungwa, basi ni saa nne, na Sindano ameshaamua kulipanda bila kujiuliza mara mbili. Alikuwa amekaa kwenye kiti dirishani, jua linaingia, shati la bluu mapajani. Mumewe, amevaa fulana, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anahangaika na viatu, na kwa mara ya kwanza alikuwa anahangaika waziwazi.

Kile kifungo cha tatu Sindano hakukifumua. Alikipitisha kidole, lile fundo baya, ule uzi mweusi, akaona hajawahi kushika kifungo kizuri kama kile maisha yake yote. Kazi aliyoitaka ni nyingine. Alitaka kuyaongeza matundu ya vifungo vyote upana kidogo, ili mume aweze kufunga kwa mkono mmoja bila kutoka jasho. Akaanza juu, akashuka kifuani, akamaliza mbele. Kisha akaikunjua mikono ya shati, ile iliyokunjwa tangu jana.

Mkono wa kulia wa shati, kifungo cha kifundoni kilikuwa chake. Mizunguko mitatu, fundo nyuma.

Mkono wa kushoto, kifungo cha kifundoni hakikuwa chake.

Akakisogeza kwenye jua. Uzi wa bluu, bluu ile ile ya shati, umetafutwa mpaka ukapatikana. Mizunguko mitano shingoni, imepangwa kama imepimwa kwa rula, inakwenda upande wa kulia. Fundo alilitafuta muda mrefu. Lilikuwa limezamishwa katikati ya kitambaa, ufundi ambao yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa. Huyu hakuwa mtu wa kujifunza. Huyu alikuwa mshonaji, tena mshonaji kuliko yeye.

Akakohoa kidogo, sauti isimsaliti.

"Baba watoto, jana ulisema umeshona vifungo vingapi?"

"Kimoja," mume akajibu, bado anapigana na kiatu. "Hicho kimoja kilinitoa roho, ningeweza viwili?"

Sindano akakitazama tena. Na akili ya mshonaji, ambayo hailali hata mwenyewe akitaka ilale, ikaendelea na kazi yake. Kifungo cha mkono wa kushoto hufungwa kwa mkono wa kulia. Hakuna namna nyingine. Na mkono wa kulia wa mumewe hauwezi kufunga hata mfuko wa karanga. Mwezi uliopita alirudi nyumbani kutoka safari hii hii na shati hili hili, amesimama mlangoni, na vifungo vyote viwili vya kifundoni vimefungwa. Alivikumbuka kabisa. Alikuwa amesema moyoni, mume wangu amependeza.

Basi kuna mtu aliyekishona, akitafuta uzi wa rangi yake. Na kuna mtu aliyesimama karibu naye asubuhi, akaushika mkono wake, akamfungia. Mtu huyo aliujua ule mtetemeko kabla ya mke wa ndoa. Katika mambo yote aliyoyaogopa, la kitanda lilikuwa dogo. Hili la kuambiwa siri kwanza ndilo lililomkata maini.

Mkono wa kulia. Jana alikuwa amewafuta wote wa mkono wa kulia.

Nje ya mlango, upande wa korido, cherehani ya mguu ikaanza kulia. Ilikuwa inakwenda taratibu, safari ndefu bila kusita, mguu wa mtu anayeijua kazi. Sindano alisikiliza mshono mmoja mpaka mwisho. Mume naye alikuwa anasikiliza. Alikuwa ameacha kuhangaika na kiatu.

Akamgeukia. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, kama desturi yake. Sindano akaupita, akautazama wa kushoto, ule mzima, ule ulioshika kiatu.

Nao ulikuwa unatetemeka.